Metre Moja Juu ya Jicho la Maji

Nyinyi mnaofungua robine, mkaweka bidoni chini yake, halafu mkaenda kupiga soga mpaka maji yanamwagika na kufika barabarani, leo nataka kusema na nyinyi. Mkitaka kukasirika, kasirikeni. Nimekwisha kukasirikiwa na watu wakali kuliko nyinyi, na wengine walikuwa na bunduki.

Mimi ni fundi wa maji. Yaani nilikuwa, sasa magoti yamekataa. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilitandika tuyo, yaani mabomba ya maji, kwenye vilima vya Rusizi hii ya Rwanda, kuanzia Kamembe mpaka kule kwenye joto la Bugarama, na ukutani kwangu hakuna diploma hata moja. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa primeri, kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilikokulia, kwa sababu mwalimu alipenda kupiga na mimi sikupenda kupigwa. Haya mnayosoma nimeyaandika kwa kalamu yangu mwenyewe, binti yangu amenyoosha tu pale nilipopinda. Lakini nipe kilima, niache nikizunguke kwa miguu, nitakuambia maji yake yatapita wapi na yatakataa wapi. Hilo halimo kwenye telefoni yako.

Najua mtaniambia nini, maana mnaniambia kila siku: "Papa Robine, unalilia maji gani na ziwa zima la Kivu liko pale chini?" Ziwa liko chini, sawa. Na wewe unakaa juu. Kati yenu kuna mlima, na maji hayapandi mlima kwa sababu wewe una kiu. Tena maji ya ziwa si ya kunywa hivi hivi. Mwaka ninaotaka kuwaeleza, kushuka ziwani ilikuwa ni kwenda mahali risasi zinapopita, na ukirudi mzima ulikuwa unabeba kolera kichwani ndani ya bidoni. Kwa hiyo hilo ziwa lenu liacheni pale lilipo, mlitazame, ni zuri.

Maji tunayokunywa hapa yanatoka ndani ya mlima, mahali padogo, pengine tundu lisilozidi ngumi. Sisi mafundi tunapaita jicho la maji. Mvua inanyesha, inaingia kwenye udongo taratibu, inapita chini kwa chini kwenye mchanga na nyufa za mawe, miezi na miezi, mpaka inapopata mlango. Mlango huo hakuutengeneza mtu. Ukikata miti yote ya juu ya mlima, mvua haiingii tena, inateremka tu na udongo wako mpaka mtoni. Ukilima mpaka juu kabisa ya jicho, utakunywa samadi. Na ukilichezea jicho lenyewe, hapo ndipo kuna habari yangu.

Kwanza niwaambie nani alinifundisha. Alikuwa masoni, mwashi mmoja wa Kamembe, Mwislamu, mtu wa kofia safi na maneno machache, Mzee Ramazani. Niliporudi toka Bukavu baada ya yale yaliyotokea hapa mwaka wa tisini na nne, nchi ilikuwa imevunjika, tuyo zimeng'olewa, matanki yana vitu ndani ambavyo sitaviandika. Mzee Ramazani alikuwa anatafuta mtu wa kuchimba. Akanitazama mikono, akasema: "Wewe ni wa maneno mingi. Lakini mikono iko." Nikaanza siku hiyo hiyo.

Kosa langu la kwanza kwake lilikuwa la kuchekesha. Nilitandika tuyo ikapita juu ya kituta, ikashuka, ikapanda tena. Tukafungua maji: kimya. Nikatandua, nikatandika upya: kimya. Nikaanza kusema mahali pale pana mizimu. Mzee Ramazani akakaa chini, akanywa chai yake yote, ndipo akaja na msumeno wa chuma, akatoboa tuyo kwa juu, pale kwenye kituta. Upepo ukatoka kwa mlio mmoja mrefu, wa aibu, mbele ya akina mama waliokuwa wakingoja. Walicheka mpaka wakaketi. "Mizimu yako njo hii," Mzee akaniambia. "Pepo iko imefungwa pale juu. Maji na pepo habapiti mulango moja." Tangu siku hiyo kila penye kituta naweka kifuniko cha kutolea upepo. Na nyinyi wekeni. Msingoje kuchekwa.

Alinifundisha kupima usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, mmoja anashika huku na mwingine kule. Maji ya pande zote mbili yakitulia, huo ndio usawa, hakuna mjadala. Alinifundisha kuzungusha katani kwenye nyuzi za tuyo za chuma, kwa upande wa kukaza na si wa kulegeza. Siku hizi mnapaka gundi kwenye plastiki na kwenda nyumbani mapema. Vizuri. Mimi plastiki ya kwanza niliipasha kwenye moto wa majani makavu ya migomba ili niipanue, nikaunguza tuyo tatu na nyusi zangu.

Lakini jambo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la jicho. "Kabla hujagusa jicho, simika muti pembeni. Chora alama pale maji imefika yenyewe. Kisha fanya kazi yako yote chini ya ile alama. Tuyo ya kutokea iwe chini ya alama. Usiipandishie maji hata kidole." Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Maji ikisukumwa irudi ndani, itatafuta kwingine. Ikipata, haitakuomba ruhusa."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia vizuri sana.

Sasa fikirini mahali. Nyuma ya Kamembe kuna bonde, na upande wa juu wa bonde hilo kulikuwa na jicho tuliloliita Kagezi, yaani kijito kidogo. Maji yake yalikuwa ya baridi ya kuumiza meno, na bidoni ya lita ishirini ilijaa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Mtaa mzima ulichota hapo. Kisha vita vikaanza ng'ambo, vile vya kwanza vya Congo. Kila asubuhi watu walivuka madaraja ya Rusizi, la pili na la kwanza, magodoro kichwani, watoto mgongoni, wengine wakirudi kutoka kambi za wakimbizi, wengine wakikimbia tu milio. Foleni ya Kagezi ikawa ndefu mpaka ikageuka kona. Na kituo cha afya kilichokuwa upande wa pili wa kilima kikajaa wagonjwa wa kuhara, wamelala kwenye majani nje, na maji yao yanabebwa kichwani.

Muuguzi mkubwa wa kituo hicho, dada mmoja mkavu asiyelala, akaniita. "Fundi, unaweza kuniletea Kagezi mpaka hapa uwanjani?"

Nilipima kwa mpira wangu siku mbili. Kati ya jicho na kituo kulikuwa na mgongo wa kilima, na mgongo huo ulizidi usawa wa jicho. Kidogo. Ukitaka maji yapite, ilibidi jicho liwe juu zaidi kwa metre moja. Metre moja tu, ndugu zangu. Njia nyingine ilikuwepo, kuuzunguka mgongo, lakini ilihitaji tuyo ndefu mara mbili na wiki nyingi za kuchimba. Mzee Ramazani alikuwa kitandani, kifua kimembana. Ningeweza kwenda kumuuliza. Kwa mguu ni mwendo wa kuvuta sigara mbili. Sikwenda, kwa sababu nilijua atasema nini, na kwa sababu nilitaka ije isemwe kwamba mimi, mtu wa primeri ya tatu, nilivusha maji juu ya kilima peke yangu wakati wengine wanakimbia vita.

Nikajenga sanduku la simenti kuzunguka jicho, kuta nene, nikaziba chini ya kuta kwa udongo wa mfinyanzi mpaka pasivuje hata tone. Tuyo ya kutokea nikaiweka juu, metre moja juu ya jicho. Ule mti wa alama niliusimika kwa mazoea, na ulipoanza kufunikwa na maji niliung'oa nikautupa. Maji yakajaa sandukuni, yakapanda, yakaingia kwenye tuyo, yakavuka mgongo, yakaanguka kwenye uwanja wa kituo cha afya. Muuguzi alinawa uso mbele ya wagonjwa. Mimi nilitembea katikati ya Kamembe kama mtu aliyenunua gari. Kwa watu wa mtaa niliacha robine mbili kwenye sanduku, kwa hiyo kila mtu alifurahi.

Siku tisa.

Siku ya kumi asubuhi kituo kilikuwa kikavu. Nikapanda Kagezi. Robine zilikuwa zinatema mate. Nikafunua kifuniko: maji yalikuwa yameshuka mpaka kwenye magoti ya sanduku, yamesimama, hayachemki tena pale chini kama jicho linavyochemka. Ilipofika saa sita mchana hata hayo hayakuwepo. Lilibaki tope na simenti yangu nzuri.

Foleni ilikuwa imesimama pale, bidoni zimepangwa kwa mstari kama kawaida. Maman Veneranda, aliyekuwa akisimamia zamu za wanawake, mwanamke mnene wa sauti ya kanisani, akaniuliza: "Papa Robine, maji iko wapi?"

"Inakuja, Maman."

"Inatoka wapi ndiyo ikuje?"

Watu wakacheka kidogo. Kisha mlio mzito ukasikika toka ng'ambo, halafu mwingine, na hakuna aliyecheka tena. Mmoja mmoja wanawake wakajitwika bidoni tupu na kuanza kushuka ziwani. Njia ya ziwani ilikuwa wazi kabisa, upande unaotazamana na Bukavu. Niliwatazama migongo mpaka walipopotea kwenye migomba.

Nikashuka bondeni peke yangu kuzunguka. Chini ya jicho, hatua kama arobaini, kulikuwa na shamba la mateke, yaani magimbi. Nikakanyaga na mguu ukazama. Nikavua kiatu. Matope ya mateke huwa ya vuguvugu wakati wa jua. Haya yalikuwa yananiuma mifupa kwa baridi. Nilijua baridi ile. Nilisimama pale na mguu mmoja ndani ya maji ya Kagezi, yaliyotoroka chini ya sanduku langu na kuja kupotea kwenye mateke, nami nikajua kila kitu: nani amefanya, lini, na kwa metre ngapi.

Nikavaa kiatu.

Niliporudi juu nilikuta kelele. Juu ya Kagezi, upande wa kushoto, alikaa mtu aitwaye Sebastien, mfyatua tofali. Alikuwa amerudi kutoka kambi za ng'ambo miezi michache nyuma, yeye na mke wake Maman Sefora na watoto. Siku zile mtu aliyetoka kambini alitazamwa mara mbili kabla ya kusalimiwa, maana waliofanya mauaji walikimbilia huko pia. Sebastien alikuwa amechimba shimo la udongo wa tofali, kubwa, la kina cha mtu mzima. Sasa watu walikuwa wamelizunguka shimo hilo. Konseye, yaani mkubwa wa sekta yetu, alikuwepo na sajini mmoja na askari wawili.

"Huyu muntu alikata mushipa ya maji," mmoja akapaza sauti. "Alichimba kwa makusudi!"

"Anataka tushuke ku ziwa tuuawe!"

"Uliza wenzake bako wapi!"

Sebastien alikuwa amesimama ndani ya shimo lake, udongo mpaka kwenye mapaja, jembe mkononi. Askari alimwambia aliweke chini, akaliweka. "Miye nachimba tofali," alikuwa anasema. "Angalieni, shimo ni kavu. Kavu kabisa. Kama ningekata maji, singelowana?"

Lilikuwa neno la akili. Shimo lilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Mtu yeyote mwenye macho angeona. Lakini watu wenye kiu na woga hawatazami shimo, wanatazama aliyesimama ndani yake.

Konseye akaniona. "Fundi yuko huyu. Fundi atatuambia." Watu wakanipisha njia mpaka ukingoni. "Wewe njo unajua maji. Shimo kama hili linaweza kukata Kagezi? Ndiyo ao hapana?"

Sebastien aliinua uso akanitazama, na uso wake ulilegea kidogo. Alifurahi kwamba amefika mtu anayejua kazi.

Nikasema: "Inawezekana."

Neno moja. Nimetandika tuyo kilometa nyingi katika maisha yangu, na kama ningeweza kulirudisha neno lile kwa kuzing'oa zote, ningeanza leo na magoti haya.

Wakamtoa shimoni. Walimfunga mikono kwa kamba ya kupimia tofali, yake mwenyewe, wakashuka naye kwenda komini, ofisi ya utawala, kwenye kashoti, chumba cha kufungia watu. Nyinyi hamjui vyumba vile vilikuwaje miaka ile. Watu walisimama humo usiku na mchana kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukaa. Wengine walitoka miguu imeoza. Wengine hawakutoka. Maman Sefora alifuata nyuma ya askari bila kupiga kelele, mtoto mgongoni, mpaka alipofukuzwa.

Sitawadanganya kwamba nilikimbia kwenda kusema kweli. Nilikwenda nyumbani nikala. Niliwaza: kesho maji yatarudi yenyewe, watamwachia. Niliwaza: mimi pia nimetoka ng'ambo, wakijua ni mimi watasema nini? Niliwaza: fundi mwenye jina hawezi kusema mbele ya watu ameharibu. Kila wazo lilikuwa na sauti nzuri, ya busara. Mkisikia ndani yenu sauti ya busara namna hiyo wakati mtu mwingine amefungwa kwa ajili yenu, mjue ni woga umevaa suti.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee Ramazani. Alikuwa ameegemezwa mito miwili, anapumua kwa shida. Nikaanza kumweleza kwa kuzunguka: kwamba Kagezi imekauka, kwamba labda ni jua, kwamba labda ni mitetemeko ya mizinga.

Akanikatiza. "Muti wako uko wapi?"

"Mti gani, Mzee?"

"Wa alama. Uko wapi?"

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Ulipandisha ngapi?"

"Metre moja."

"Yewe." Alikohoa muda mrefu. Kisha akasema: "Kabomoe leo. Si kesho. Kila siku ile maji inasafisha njia yake mpya, inatoa muchanga, inapanua. Kwa sasa iko inapapasa. Siku chache na itakuwa imezoea, na hapo hata uchimbe mpaka Bugarama, Kagezi hakuna tena."

"Mzee, kuna mtu wamemfunga."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Alisema tu: "Basi uko na vitu mbili vya kubomoa," akageukia ukutani.

Nikachukua nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Pale Kagezi walikuwa wameweka askari mmoja alinde sanduku, ili "adui" asiliharibu. Wanawake walikuwa wamerudi, wamekaa kwenye bidoni zao, wanangoja tu, kwa sababu siku ile ziwani hapakushukika. Mwanamke mmoja alikuwa amepigwa risasi mguuni jana yake. Alipona baadaye, lakini wakati ule hatukujua. Maman Sefora alikuwepo pia, mwisho wa mstari. Aliyekuwa mbele yake alikuwa ameacha nafasi kubwa kati yao.

Nikainua nyundo. Askari akakoki bunduki.

"Wewe! Unavunja nini?"

"Kazi yangu."

"Nani amekutuma?"

"Mwite sajini. Mwite konseye. Nitasema mbele yao."

Walikuja haraka, watu wakasogea. Kinywa changu kilikuwa kikavu kuliko lile shimo. Nilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Sebastien hakukata kitu. Maji iko kwenye mateke pale chini, muende mukanyage. Miye niliipandisha metre moja ili ifike kwenye kituo. Ilikataa, ikapita chini. Nilijua jana. Niliulizwa nikadanganya."

Sajini akashuka mwenyewe mpaka kwenye mateke, akavua buti moja, akakanyaga. Akarudi na buti mkononi.

"Kwa nini jana hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa miye?"

"Niliogopa kuitwa mjinga."

Aliniangalia kama mtu anayetafuta mahali pa kupiga. Hakupiga. Watu ndio walianza. Tope likanipiga shavuni, kisha bidoni tupu mgongoni, na Maman Veneranda kwa sauti yake ya kanisani: "Mubwa wewe! Tulikuita Papa! Batoto banahara pale, na wewe unakula, unalala!" Nikaona wengine wanainama kuokota mawe. Konseye alikuwa anarudi nyuma taratibu ili asiwepo.

Maman Sefora akapenya katikati yao akasimama mbele yangu. Nilidhani atanitemea mate, na angekuwa na haki. Akasema neno moja.

"Vunja."

Wakaacha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinidai kuliko wote.

Nikavunja. Nilijenga vizuri, mjinga mimi. Kuta zile zilinichukua asubuhi yote. Tatizo likawa alama. Mti nilikwisha kuutupa, sasa jicho la zamani lilikuwa usawa gani? Hapa nisikilizeni, maana itawafaa. Mwamba wa nyuma wa chemchemi una ukoko wa kijani, kuvu na majani madogo yaliyozoea kulowana. Pale kijani kinapokatika kwa mstari, hapo ndipo maji yalikuwa yakifika miaka yote. Niliufuta mwamba kwa shati langu mpaka nikauona mstari. Nikavunja mpaka chini yake kwa kiganja kizima. Kisha nikapiga magoti, nikatoa kwa mikono ule udongo wa mfinyanzi nilioushindilia, mpaka kucha zikatoka damu, nikafika kwenye mchanga wa jicho lenyewe.

Kavu.

Nikakaa. Watu wote wakakaa. Jua lilitoka juu ya kichwa likahamia upande wa Bukavu. Ng'ambo kulikuwa kunalia mizinga, lakini hapa nadhani mngesikia sisimizi. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya mchanga na nilimfikiria mtu aliyesimama kashoti kwa sababu ya neno langu. Yasiporudi, nani ataniamini? Watasema fundi amemhurumia, amejitwisha. Watasema maji ya mateke ni ya mvua. Maji yalikuwa ndiyo shahidi wake wa pekee.

Niliyasikia mkononi kabla sijayaona. Mchanga ulipoa. Kisha ukalegea, ukaanza kucheza chini ya vidole kama uji unaotaka kuchemka. Tope jekundu likatoka, kisha jeusi, kisha jeupe kama maziwa, na polepole, yakaanza kuwa maji. Maman Veneranda akachota kwa kiganja, akaonja, akatema mchanga. "Ni yenyewe," alisema, na hakunitazama.

Hayakurudi yote. Nusu yake ilibaki kwenye mateke, imo humo mpaka leo, nendeni mkaangalie shamba lile linavyostawi hata kiangazi. Bidoni iliyokuwa ikijaa ukimsalimia jirani, sasa inajaa ukiwa umemweleza habari za ukoo mzima. Nusu ya Kagezi niliipoteza mimi, kwa siku kumi, baada ya mlima kuitengeneza kwa miaka nisiyoweza kuihesabu. Tuyo ya kituo tuliizungusha kwenye mgongo wa kilima, njia ile ndefu, wiki nyingi za kuchimba. Nilichimba bila mtu kuniomba. Kwa hiyo ninapowagombeza juu ya robine iliyoachwa wazi, sigombezi kwa sababu ya uzee. Najua ni nusu ya nini mnayoimwaga.

Sebastien walimtoa baada ya siku kumi na moja. Karatasi zilitembea polepole, na ofisini walitaka niseme mara nne yaleyale kwa watu wanne. Alitoka miguu imevimba kama mitungi. Nilikuwa nampelekea maji nyumbani, bidoni mbili kila asubuhi, naziweka mlangoni. Maman Sefora aliziingiza ndani. Sebastien mwenyewe sikumwona.

Siku miguu ilipomruhusu, alikuja Kagezi na bidoni yake. Watu wakampisha apite mbele. Akakataa, akangoja zamu. Mimi nilikuwa pale nikichonga mfereji. Zamu yake ilipofika aliweka bidoni chini ya maji, akaniita kwa kidole.

"Fundi, nasikia ulisema mbele ya bote."

"Ndiyo."

"Miye sikuwepo. Nilikuwa nimesimama mahali." Akafuta jasho. "Sema na miye nisikie."

Nikasema: "Ni mimi niliharibu. Wewe hukukata kitu. Nilijua, nikadanganya."

"Tena."

Nikasema tena. Watu kwenye foleni walikuwa wametazama chini.

"Tena."

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ameinama, mkono mmoja kwenye goti lililovimba, macho kwenye mdomo wa bidoni, akisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Kila nilipomaliza alisema "tena", nami nikaanza upya, mpaka bidoni ilipojaa. Na maji ya Kagezi siku hizo, kama nilivyowaambia, yalikuwa yanakuja polepole sana.